Mke Mwenza Ndani ya Sanduku la Bati

Saa moja asubuhi dobi ana mashati kumi na manane ya watu, na hajagusa hata moja. Anapiga pasi ukurasa wa kitabu cha katuni.

Pasi ni ya mkaa. Anaiacha ipoe, anairushia tone la maji. Lisipochemka, ndiyo tayari. Anatandika kitambaa juu ya ukurasa, anaipitisha polepole kama anayempapasa mgonjwa. Unyevu unatoka, karatasi inanyooka.

"Zamani niliharibu," anasema. "Nilitandika shati jeupe la mkubwa mmoja wa ofisini juu ya ukurasa, pasi bado ya moto. Jicho Moja akahamia mgongoni mwa shati, na bastola yake."

Jicho Moja ndiye mpelelezi wa hadithi hizo. Yule mkubwa hakucheka. Wakubwa hawajui kucheka. Wangekuwa watu, wasingefunga maktaba ya mtaa wakaifanya stoo ya viti vibovu, na dobi asingehangaika peke yake na karatasi chumbani.

Matoleo yote ya Jicho Moja ni mia moja na manne. Yeye anayo mia moja na matatu, alianza kuyanunua akiwa kapera. Amehama nyumba tano, na kila mara sanduku la bati lenye matoleo hayo lilitangulia, kitanda kikafuata. Panya walitafuna namba saba. Akaishona kwa uzi wa vifungo.

Inayokosekana ni namba sitini na moja, nayo iko hatua ishirini tu kutoka kibandani kwake, kwa fundi saa. Fundi anayo hiyo moja tu. Haiuzi, haiazimishi. Ameitia kwenye fremu ya kioo ukutani, dobi akipita aione.

"Mtu akinunua gari, nampongeza. Akijenga, nampongeza," anasema dobi. "Lakini ile sitini na moja inaniuma roho."

Nyumbani kuna wivu mwingine. Mkewe huliita sanduku hilo "mke mwenzangu".

"Mwenzangu anafutwa vumbi kila Jumapili," anasema, mikono kiunoni. "Mimi tangu nije humu nimefutwa lini?"

"Wewe huoti ukungu, mama watoto."

"Haya, cheka tu."

Wiki hii kicheko kimekwisha. Binti yao aliyejifungua juzi anakuja Ijumaa na kichanga, na chumba ni hicho hicho kimoja. Lilipo sanduku ndipo atakapolala mtoto. Mama watoto katoa amri: litoke.

Fundi saa akasikia. Jana alikuja, sauti laini kama mafuta ya cherehani. "Kaka, nipe mimi. Dukani kwangu pakavu. Yatakaa na mwenzao sitini na moja, nawe utakuja kusoma ukitaka."

"Bora niyawashie pasi!" dobi akafoka.

Fundi akamgeukia mama, akijua huko ndiko kwenye amri. Akajibiwa.

"Shemeji, nimelichukia sanduku hili miaka ishirini na miwili. Wewe uje ulipende kwa siku moja? Toka."

Fundi akatoka.

Wapo watu wana bahati na hawajijui. Wapo wanaume ambao nyumba zao zimenyamaza mwaka wa nne sasa, tangu hospitali iliyojaa wakubwa na isiyo na dawa iwakabidhi kandambili na mkoba wa mke, basi. Hao wangekubali kugombezwa hivyo asubuhi na jioni.

Leo dobi amekusanya matofali manane, mawili kwa kila mguu wa kitanda, ili kinyanyuke na sanduku liingie chini. Mama ameshapima kwa shubiri: litaenea. Dobi ana ombi moja tu lililobaki, kwamba siku fundi saa atakapoichoka sitini na moja, wa kwanza kuambiwa awe yeye.

"Na mwenzako je, umemsamehe?" mama anaulizwa.

"Nimsamehe nini? Atalala chini, mimi juu yake," anajibu, akiinua tofali la kwanza. "Nione kama atafurukuta."