Mkono wa Kulia wa Baba

Tangu baba apate kiharusi, mkono wake wa kulia hulala mapajani kama mgeni aliyechoka na safari. Maneno nayo humtoka moja moja, na mengine hukataa kabisa kutoka. Alipokuja na mama kutoka Kenya kukaa nami huku ughaibuni, mtaani Parkdale, alikuja na gitaa lake limefungwa kwa leso ya mama, lakini wiki ile ile ya kwanza aliniita akalisonta kwa kidevu. "Lipeleke kanisani," akasema. Iliniuma. Ni mtu aliyepiga gitaa harusini tangu kabla sijazaliwa, na sasa hakutaka hata kuliona pale kwenye kona.

Wazo lilinijia asubuhi moja nikimvisha shati. Mkono wake wa kushoto, ule wa kubana nyuzi kwenye shingo ya gitaa, ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni mkono wa kulia tu, na mimi ninao.

"Baba, usiligawe kwanza. Nipe mpaka theluji iishe."

Akainua bega moja. Nikalihesabu kuwa ndiyo.

Nikaanza mazoezi, mkono wa kulia peke yake, bila kubana chochote. Baba hupiga kwa vidole viwili kama wazee wote wa kwetu magharibi mwa Kenya: gumba kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kwenye nyembamba. Nikatafuta mwalimu mtandaoni, nikapata kijana mmoja mwenye tabasamu lisiloisha. Alitaka tufuge kucha. Mimi ni nesi, kazini kucha ndefu ni mwiko, basi nikadonoa kwa nyama ya kidole hadi ikaota sugu. Gumba kila mara lianze, alisema, lianguke pamoja na mlio wa simu inayogonga tik, tik, tik kuhesabu mapigo.

Sikujua kwamba gumba langu lina kiburi. Kidole cha shahada kikipiga, nalo lilitaka kupiga, halikubali kungoja. Kila nikitoka kazini nilikaa kando ya dirisha, tramu zikipita chini, nikilichunguza kama kitu cha mtu mwingine. Kwa nini linakaza? Kwa nini likilegea, bega ndilo linalokaza? Mama alipita na sufuria, akanitazama. "Unapiga gitaa ama unachambua kunde?"

Hatimaye mazoezi yakakubali. Siku hiyo nikamwekea baba gitaa mapajani, nikakaa kulia kwake, nikapitisha mkono mbele ya tumbo lake. Alibana nyuzi. Vidole vyake vilijipanga bila kuuliza. Nikawasha simu, nikaanza.

Akalaza vidole juu ya nyuzi zote. Sauti ikafa.

"Nimekosea wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi, baba?"

"Hapo."

Nikabadilisha uzi. Akaua. Nikaenda polepole. Akaua. Nilikasirika, nikajizuia, maana hasira haingemletea baba maneno. Halafu nikaanza kusikiliza, na nikagundua jambo: hakuwa akiua ovyo. Aliua mahali pale pale kila mara, na wala hakuonekana amechoka. Alikuwa ananifundisha kwa mkono aliobaki nao, nami sikumwelewa.

"Hiyo saa yenu inanikera," mama akasema kutoka jikoni. "Zima."

"Ni ya kuhesabia, mama."

"Kwani sisi tulikuwa na saa? Tulikuwa na chupa."

Kweli. Kwetu gitaa la namna hii halitembei peke yake. Mtu hukaa kando na chupa ya soda ya kioo, ile yenye matuta, akaikwaruza kwa msumari. Kwa baba, mtu huyo alikuwa mama. Lakini soda ya hapa iko kwenye makopo na plastiki laini, basi mama alitoka na greta ya kukwaruzia karoti na kijiko, akaketi, akaanza. Krrrr-ka. Krrrr-ka.

Ndipo nikasikia. Simu ilikuwa ikigonga sawasawa tu, lakini greta ilikuwa na mvuto mrefu, kisha pigo fupi. Gumba langu, kwa utii wote niliofundishwa, lilikuwa likianguka juu ya ule mvuto na kuufunika. Hapo ndipo baba alipokuwa akinizima. Hapo palikuwa pa mama.

Nikaliacha gumba lingoje. Nikaanza na kidole cha shahada, nikauacha mvuto upite, gumba likaja nyuma yake, kwenye pigo.

Baba hakuzima. Vidole vyake vilipanda shingo ya gitaa, vikashuka, na wimbo niliousikia utotoni kupitia ukuta wa chumbani ukatokea sebuleni kwangu, mwembamba, una mapengo, lakini ndio wenyewe. Nililia. Machozi niliyafuta kwa mkono wa kushoto, ambao siku hiyo haukuwa na kazi.

Tulipofika mwisho mama akaweka greta chini, akamtazama mumewe kwa jicho la uchokozi.

"Haya, niwaambie watu wa kanisa waje lini kuchukua gitaa lao?"

Baba hakuiachia shingo ya gitaa.

"Wanunue," akasema. Akalitafuta neno la pili mpaka likaja. "Wanunue lao."