Kikombe cha Binti wa Fundi

Jumatano, tarehe 9 Juni. Manyunyu tangu alfajiri.

Fundi cherehani havumilii uzi unaoning'inia. Hata akizungumza nawe, vidole vyake vinakunyooshea kola. Siku hiyo ilikuwa ya pili tangu aifiche chupa ya bintiye wa mwaka mmoja na nusu, na mtoto hakuwa amekunywa maziwa hata tone. Roho ya baba ilikuwa juu juu. Alimkalisha mbali na vitambaa vya wateja, akamshikia kikombe mdomoni, mkono wa pili ukikinga kidevu. Binti akafumba mdomo, akageuza shingo.

"Kunywa basi, mama," alibembeleza. "Funda moja tu."

Mkewe alicheka mlangoni. "Baba watoto, hapo humnyweshi, unamchukua vipimo vya gauni. Mwachie mwenyewe!"

"Atamwaga."

"Na amwage! Sakafu si inafutwa?"

Fundi akakiachia kikombe, kisha akaikalia mikono yake. Nusu ya maziwa iliishia kifuani. Nusu ilishuka kooni kwa kelele.

"Tena!" mtoto akadai, kidevu kikichuruzika. Fundi hakukifuta.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kugusa nguo ya mteja yeyote, alishona bibu saba za kumfunga mtoto shingoni.