Sahani ya Wanaume

Mwaka niliokuwa darasa la nane nilikua kwa fujo. Nililala suruali ikifika viatuni, nikaamka nayo magotini, naapa. Dada yangu alidai alinisikia nikirefuka.

Nyumbani kwetu Kasongo, mtoto wa kiume akianza kukomaa haachwi tena kula jikoni na mama na dada zake. Anahamia barazani, kwenye sahani ya wanaume. Mwaka mzima niliisubiri siku hiyo. Nilipita mbele ya baba kifua mbele, nikitembea kwa ncha za vidole ili anione.

Akaniita siku mbaya kuliko zote. Kaka yake, baba mkubwa, alikuwa amefika kwa pikipiki kutoka machimbo ya dhahabu ya Lusangi.

Mama alinishika shati mlangoni. “Anatafuta mikono ya kuchimba. Akiona umekomaa, anakubeba. Shule imeisha.”

Basi nikajikunja. Mabega chini, shingo ndani, magoti nikayaficha kama kitu cha wizi. Nilipowamiminia maji ya kunawa, baba mkubwa alinishika mkono, akaugeuzageuza.

“Hii iko mukono ya mutoto?”

“Ni urefu tu,” baba alisema. “Akili yake iko ya mutoto kabisa.”

Sijawahi kufurahia tusi namna ile. Nikamega bugali kidogo, nikachovya pembeni mwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, ingawa njaa niliyokuwa nayo ingemeza sahani na mkeka wake.

“Anakula kama kifaranga! Huyu iko mugonjwa?”

“Nilikuambia, yaya,” baba alimwambia kaka yake. “Ni mutoto.”

Baba mkubwa akatafuna taratibu, akinitazama. Nilijua mama amesimama nyuma ya ukuta wa jikoni.

“Na mbona hasemi? Ee, wewe! Unataka shule ao kazi?”

Sauti yangu mwaka ule haikuwa ya kuaminika. Darasani ilikuwa ikilia kama bawaba ya mlango, wenzangu wakianguka chini kwa kicheko. Nikamwomba Mungu ilie vile vile sasa hivi.

“Shule, baba mkubwa. Muniache nimalize ya nane.”

Ilitoka nzito, imenyooka, kutoka tumboni. Nadhani mpaka mji wa Nyangwe, mbali huko, waliisikia. Tonge la baba likabaki hewani. Alinitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

“Umesikia?” baba mkubwa alimwambia. “Ile sauti iko ya mutu muzima. Mutu muzima anafanya nini darasani?”

Baba alirudisha tonge sahanini. “Kesho asubuhi umubebe,” akasema mwishowe.

Darasa hilo la nane nilikuja kulimaliza shule ya jioni, nikiwa na ndevu za kujaza godoro. Asubuhi ile sikulijua hilo. Nilipanda nyuma ya baba mkubwa, viatu vikigusa vumbi.

“Kunja miguu, mutu muzima!” alipaza sauti, akawasha pikipiki.

Nikaikunja.