Siku Niliyorudi Bomani Juu ya Jeneza

Mkinicheka sitawalaumu, maana hata mimi nikiwa peke yangu huwa najicheka, ila naomba tu msimtajie mwanangu wa kwanza, kwa sababu yule bado anaamini baba yake ni mtu wa heshima.

Mguu wangu wa kushoto ulipigwa na kipande cha bomu vitani kule Burma, nikarudi Kilwa Kivinje nachechemea, si sana, asubuhi natembea kama watu, ikifika alasiri ndipo goti linavimba. Serikali ikawa inanipa malipo kidogo ya majeruhi, lakini mimi nilichokitaka ni shule. Niliiacha darasa la nne, na sasa Lindi palifunguliwa darasa la ualimu kwa askari waliorudi, na aliyeumia vitani alilipiwa ada yote mradi daktari wa serikali aandike kwamba hawezi tena kazi ya jembe. Bila karatasi hiyo ningebaki na shamba la mihogo mpaka kufa, na ualimu ule niliutaka mpaka nikawa nauota.

Ukweli wangu ulinitosha kabisa. Lakini shemeji yangu Mfaume, kaka wa mke wangu Somoe, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Shemeji, mzungu anaamini anachokiona. Unaitwa Bomani saa tatu asubuhi, goti limelala, atakuona mzima. Nenda na gongo la kutembelea." Na gongo lenyewe akaniazimia, nami (mtu mzima, niliyevuka bahari na kurudi) nikalipokea.

Basi nikafika Bomani nimeliegemea, uso nimeukunja hata kabla sijaulizwa kitu. Daktari na Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya, walikuwa wamekaa barazani na meza yao. Daktari akauliza naweza kutembea umbali gani, nikajibu, "Hata hatua kumi sifiki, bwana." Akaandika, akaniambia nisubiri pale kwenye ngazi aje anipime.

Ndipo likapita jeneza. Mnajua kwetu, jeneza likipita mwanamume haketi, anainuka, anatia bega japo hatua chache, na lenyewe linakwenda mbio. Hilo nimelelewa nalo, mwili unainuka wenyewe. Nilikuja kupata fahamu niko chini ya mti wa jeneza, gongo nimeliacha ukutani, ngazi za Boma nimezishuka mbilimbili. Nikageuza shingo, nikamwona daktari amesimama, kofia mkononi kwa heshima ya maiti, macho kwenye miguu yangu.

Nikafikiri nianguke pale pale, lakini mtu huwezi kumwangusha marehemu kwa ajili ya ada. Nikangoja wa kunipokea, hakuna, walionizunguka wote wazee, na marehemu (Mungu amrehemu) alikuwa mtu wa kula akashiba. Nikambeba mpaka makaburini.

Tulipomaliza kuzika, goti lilikuwa limevimba kama papai, mguu haukanyagi. Jeneza tupu (kwetu ni la msikiti, maiti huzikwa kwa sanda tu) lilikuwa linarudishwa msikitini, na njia inapita Bomani, wakaniambia, "Panda, Bwana Athumani, tukufikishe." Mzee mmoja akanung'unika kwamba mzima hapandi jeneza. Nikapanda, nikajilaza, kanzu yangu nyeupe inaning'inia pembeni.

Somoe alikuwa ameniletea uji Bomani. Akaona jeneza linarudi na mtu, akaitambua kanzu aliyoifua mwenyewe, akapiga yowe. Mimi kwa kumhurumia nikainuka nikakaa, nikamwambia, "Nyamaza, mke wangu, ni mimi." Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Muuza vitumbua alikimbia akaacha sinia lake, na Somoe uji ukamwagika, akazimia.

Alipozinduka, wachukuzi wakanipandisha barazani. Daktari akaliminya goti, nikalia kilio cha kweli. Akamwambia Bwana Shauri, "Goti ni bovu. Jembe hawezi." Moyo wangu ukaruka kwa furaha.

Bwana Shauri akalitazama gongo langu pale ukutani. "Kumbe ungesema kweli ungepata," akasema. "Sasa niambie, Athumani, mtu kama wewe atawafundisha watoto nini?"

Niliona aibu mpaka machozi yakanilenga, mbele ya mke wangu na wachukuzi wa jeneza. Akamwambia karani wake aandike nirudi mwaka unaofuata.

Mwaka mzima nikalima mihogo kwa goti lile lile, na Mfaume hakukanyaga kwangu mpaka mavuno. Mwaka uliofuata nikarudi kwa daktari alasiri, nikamwambia asubuhi naweza, jioni siwezi, akaandika mistari miwili tu, nikaenda Lindi nikasoma, nikawa mwalimu. Na nimeapa sitazidisha tena maumivu yangu hata kidogo. Siku hizi hata kichwa kikiniuma namweleza Somoe kinauma upande gani na kwa kiasi gani, mpaka yeye mwenyewe ananiomba ninyamaze.