Ndani ya Ndege Hamna Kitu

Fundi Saa alikuwa na miaka sitini na miwili daktari alipomwambia kwamba presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona, na kilicholiwa hakirudi. Kilichobaki kingelindwa kwa matone, asubuhi na jioni. Alirudi nyumbani, akampa mkewe habari hiyo kwa kifupi, akaomba chai. Wiki iliyofuata alifunga kibanda chake cha kutengeneza saa, alimokaa miaka thelathini na mmoja ameinamisha shingo mpaka ikapinda. Alichukua kibati kimoja cha vipuri, kibano na lenzi yake ya jichoni. Vingine akamwachia aliyevihitaji.

Sasa mtu aliyezoea kushika vitu kwa ncha ya kibano, umkalishe sebuleni asikilize redio, atadumu siku ngapi? Huyu alidumu tisa. Siku ya kumi alianza kufungua kitasa cha kabati ambacho hakikuwa na tatizo lolote, na mkewe akajua kwamba asipotafutiwa kazi, nyumba nzima itaishia kuwa skrubu mezani.

Kazi ililetwa na Kapteni. Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, na ukapteni wake haukuwahi kupaa hata futi moja. Alikuwa mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, rubani mmoja akamgawia kofia kuukuu, naye akaivaa mpaka watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mcheshi, mtu wa kuingia kwa dada yake bila hodi na kufunua masufuria kabla hajasalimia. Fundi alimpenda. Acha niliseme hilo mapema, maana bila hilo haya yangekuwa maneno ya ndege ya plastiki tu.

Chuo cha urubani nje ya mji kilikuwa kinajenga ukumbi mpya, na kilitaka mfano wa ndege yake ya kwanza ya mafunzo uwekwe mlangoni. Kapteni, kwa ule mdomo wake, aliahidi kuuunda. Vipande vikaja ndani ya boksi: mwili wa ndege wenye urefu wa mkono mzima, mabawa, magurudumu, na kuba la plastiki angavu la kuwafunika marubani wawili. Wakagawana kazi pale pale mezani. Nje ingekuwa ya Kapteni, ndani iwe ya Fundi.

Boksi halikuleta chochote cha ndani ila sakafu tupu. Fundi akaijaza. Kila asubuhi alikaa dirishani jua likiingia, mara nyingi Kapteni pembeni yake, akaondoka jua likihama, na hivyo ndivyo miezi minne ilivyokwenda. Alikata viti viwili kutoka kwenye mkoba wa zamani wa mkewe, akavifunga mikanda ya uzi. Alitengeneza dashibodi yenye saa kumi na nne za kuonyesha mwinuko, kasi, mafuta na mengineyo, kila moja ndogo kuliko punje ya mtama, na mishale yake aliichonga kutoka kwenye mishale ya saa za kike. Kuna siku alimaliza mshale mmoja tu, jicho likatoa machozi, akaacha.

Alijua hatafanya tena kazi ndogo namna hiyo. Alitaka jambo moja tu litokane nayo: watu wasimame, wachungulie, waone kwamba kuna mtu alikaa hapo akafanya kazi. Alimwambia shemeji yake hivyo hivyo, bila kuzunguka. Kapteni akacheka, akamgonga bega.

"Watachungulia mpaka wagongane vichwa, shemeji."

Likabaki kuba. Ndege ile ya kweli ilikuwa na kioo chenye moshi kidogo, wa kuwakinga marubani na jua, kwa hiyo kuba nalo lilitakiwa kutiwa rangi. Kapteni alijifunza hiyo kazi kwa majaribio na hasara. Unachukua rangi nyeusi ya unga, ile ya kurudishia nguo zilizopauka, unaikoroga kwenye maji ya moto na siki kidogo. Maji yasichemke, la sivyo plastiki inajikunja. Kuba lenyewe unalisafisha kwanza kwa sabuni, maana pakiachwa mafuta ya vidole, rangi haishiki na panabaki baka. Kisha unazamisha, unahesabu, unatoa, unasuuza, unatazama kwenye mwanga. Rangi huingia polepole sana. Walijaribu kwa vijiko vya plastiki angavu, vile vya kutupwa, mpaka mkewe Fundi akauliza kama sufuria yake siku hizi inapika vijiko. Hatimaye wakakubaliana: kuzamisha mara mbili, kila mara kuhesabu mpaka sitini, basi. Hapo plastiki ilipata rangi ya chai iliyotiwa majani kwa uchoyo, na nyuma yake ulisoma hata herufi za gazeti.

Kuba lilitiwa rangi siku Fundi aliyokwenda kliniki. Aliporudi mchana nyumba ilinuka siki, na mkewe alikuwa amefura. Mdogo wake, alisema, ameikalia ile sufuria tangu kifungua kinywa mpaka gesi ikakata, na akiulizwa anasema kazi nzuri haina haraka. Ndege ilikuwa imeshaondoka. Kapteni alilibandika kuba, akaifunga ndege kwenye blanketi na kuipeleka chuoni moja kwa moja. Fundi aliumia kidogo kwa kutoiona. Kisha akajipoza kwamba ataiona siku ya ufunguzi, pamoja na watu.

Siku hiyo alinyoa, akavaa shati lililopigwa pasi mara mbili. Ukumbi ulikuwa na harufu ya rangi ya ukuta. Ndege ilikaa juu ya stuli ndefu, imeng'aa, mabawa yamenyooka, na Fundi akaisogelea huku moyo ukimdunda kama wa bwana harusi. Akainama. Hakuona kitu. Pale palipokuwa na kuba aliona weusi mtupu.

Akaogopa. Alidhani yametimia, kwamba kile kilichobaki nacho kimekwenda, tena siku hiyo hiyo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akatazama viatu vyake, akaviona vizuri, hata vumbi lake. Akamwita binti mmoja, mwanafunzi mwenye sare, akamwomba achungulie amwambie kuna nini ndani.

"Sioni kitu, babu. Kioo ni cheusi tii."

Kwa sekunde chache Fundi alifurahi. Macho yake yalikuwapo! Halafu akakumbuka sufuria iliyokaa jikoni tangu asubuhi, akapiga hesabu. Weusi ule haukuwa wa bahati mbaya. Ilibidi mtu azamishe, atoe, atazame, aone bado panaonekana, azamishe tena, mara thelathini, labda arobaini. Akamwomba binti amsomee kibao kilichobandikwa kwenye stuli. Kibao kilisema ndege imeundwa na Kapteni, na baada ya hapo hapakuwa na jina jingine.

Alimkuta shemeji yake karibu na meza ya soda, kofia kichwani. Akamshika kiwiko, akamvuta kando, akamuuliza kwa nini. Kapteni alianza na maji kuwa moto kupita kiasi, akahamia kwenye rangi kuwa ya aina mbaya, akaona uso wa Fundi, akaacha. Chuo, alisema, kimempa kazi. Atafundisha wanafunzi kuunda mifano ya ndege. Miaka yote amebeba masanduku ya watu, mgongo umekwisha, na sasa wanamwita mwalimu.

"Wangeniuliza zile saa nimezitengenezaje, ningejibu nini? Mikono yangu si unaijua?"

"Ungesema ni za shemeji yako."

"Wangekuchukua wewe."

Fundi alitaka kumjibu kwamba yeye hana macho ya kufundisha mtu, kwamba asingeikubali hata wangempigia magoti. Kabla hajafungua kinywa akafika mkuu wa chuo, mama mmoja mrefu mwenye tabasamu, akampongeza Kapteni, kisha akauliza mgeni huyu ni nani.

"Jirani yangu huyu," Kapteni akasema. "Macho yanamsumbua, nimemtoa apate hewa."

Mama akampa Fundi pole, akampa na mkono. Ndege imependeza sana, alisema, ila wanafunzi wamesikitika kidogo kwamba haichunguliki. Lakini Kapteni alishawaeleza: ndani hamna kitu, ndiyo maana akaweka kioo cheusi.

"Kipo," Fundi akasema.

Akamwongoza mpaka kwenye ndege, akamwomba awashe tochi ya simu, aibandike kabisa kwenye kuba, achungulie kwa pembeni. Mama aliinama. Alihamisha tochi upande huu na upande ule. Mwanga ulirudi wote, ukamwangaza yeye usoni. Fundi alisimama nyuma yake, mikono imeshikana, anasubiri.

"Nimeona, mzee," mama akasema kwa upole. "Ndani pazuri sana."

"Umeona nini, mama?"

Simu ilibaki pale pale, inawaka. Fundi akamgeukia shemeji yake. Miezi minne huyu alikaa naye dirishani, akishika lenzi, akihesabu naye mishale mmoja mmoja. Hapa ukumbini hakuna mwingine aliyekiona kilichokuwa mle ndani kwa macho mazima.

"Mwambie wewe. Wewe umeona."

Kapteni alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Twende, mzee," akasema. "Gari linatusubiri."

Miaka ishirini na sita ya kuitana shemeji, alikuwa hajamwita mzee. Fundi alimsogelea mkuu wa chuo, akamwambia taratibu kwamba anaweza kuzima tochi, asije akamaliza chaji bure.