Kuni za Babu

Nikipasua gogo la mkorosho asubuhi hii, harufu kali ya utomvu imenirudisha uani kwa babu, kule Boko.

Daktari alimwambia moyo wake unataka kazi za kumtoa jasho. Babu akachagua kuni. Kila siku, akishatoka msikitini alfajiri, alipasua, nami nikizipanga ukutani. Moyo ukatulia kweli, hata kuhema ovyo akaacha. Lakini shoka hakuliweka chini. Lundo likafika dirishani.

"Mzee, kuni zote hizi za nini, na sie tunapikia gesi?" bibi aliuliza.

Babu alinitazama mie. "Panga, mjukuu wangu. Bado hazijatosha."

Ijumaa moja akasema, "Sasa zimetosha." Akalifuta shoka, akaingia ndani kujinyoosha. Hakuamka tena.

Msibani hatukuomba kuni kwa jirani yeyote. Za babu zilipika wali wa matanga, na pilau ya arobaini ilipoiva, kipande cha mwisho kilikuwa kinazimika. Bibi akapapasa ukuta mtupu.

"Baba watoto, daktari si alisema mazoezi kidogo tu?" mke wangu ananiuliza kutoka mlangoni. "Kuni zote hizo za nini?"

Nageuka. Mwanangu anazipanga ukutani. Zimefika dirishani.