Bugali Ndani ya Radieta

Kassim, fundi wa magari wa mtaa wa Mikelenge, alijulikana mjini Kindu kwa jambo moja tu, na hilo ndilo alilolichukia. Mwaka 1999, wakati wa vita, treni ilikuwa imeacha kufika Kindu, vipuri havionekani, na radieta ya lori lililobeba majeruhi ikatoboka. Kassim akamimina ndani unga wa mihogo. Joto likaupika, bugali ikaziba tundu, lori likafika Lokandu. Kesho yake injini ilikufa, lakini wanaosimulia huishia Lokandu.

Vita ikaisha. Unga haukuisha: madereva waliendelea kuumimina kwenye radieta.

Ndiyo maana Mama Sifa alipoleta pikapu yake ya kubebea mawese, mshale wa joto umelala kwenye nyekundu, Kassim alikasirika kabla hajafunua injini. Mama Sifa aliuza shamba la wazazi ili anunue gari hilo. Kama kichwa cha injini kimepasuka, hana shamba, hana gari.

Kassim akagusa mpira wa juu wa radieta: unaunguza. Wa chini: baridi. Maji yaliingia, hayakupita.

“Didier,” akamwita dereva wa Mama Sifa, “uliweka nini humu?”

“Ilikuwa inavuja kidogo, Papa Kassim. Nikaweka dawa yako. Na unga nilichunga muzuri na chekeche!”

“Ulichunga! Weka na mboga ya sombe basi, tukule!”

“Lakini ile kamiyo ya vita, ilifika Lokandu...”

“Ile kamiyo ilikufa, mujinga wee! Vita ilikuwa iko! Leo mwenye kuchomelea radieta iko pale, unapita mbele yake kila asubuhi, unamusalimia!”

Mama Sifa hakumtazama dereva wake. “Papa, uniambie tu. Motere iko muzima?”

Kassim mwenyewe hakujua bado kama injini ni nzima. Injini ilipopoa, aliishusha radieta, akazibua vijia vyake kwa waya na maji ya moto, akikitukana kila kimoja peke yake. Bugali ilitoka vipande vipande, ngumu, ya kijivu. Tundu likachomelewa. Akairudisha, akaijaza maji, akauacha mdomo wa radieta wazi na kuwasha injini. Wote watatu wakainama. Mapovu yakipanda bila kukoma, kichwa kimepasuka.

Yakapanda. Mama Sifa akamshika Didier kola ya shati. Yakapanda tena, machache, kisha yakakoma. Ilikuwa hewa tu.

“Iko muzima,” Kassim alisema kwa hasira ileile, kana kwamba injini nayo ilimkosea. “Mama, mwachilie, ataendesha nani?”

Juma lililofuata pikapu ilirudi kutoka Kampene, mshale umetulia katikati. Didier akashusha shukrani za Mama Sifa: gunia la unga wa mihogo, mweupe, uliochungwa vizuri.

Kassim akalitazama gunia. Akamtazama Didier. Akamwita mkewe kwa sauti iliyosikika mpaka kwa mchomeleaji.

“Riziki! Kuya ubebe hii unga jikoni. Mbio! Dereva angali hapa.”